Moto Uliohamia Nyuma ya Friji

Karibu kila nyumba ya Pwani ina debe, au angalau ina neno lenyewe. Debe la mahindi. Debe la mchele. Debe la maji kichwani. Kabla halijawa kipimo, debe lilikuwa mkebe wa bati wa galoni 4, lita 18 hivi, uliokuja na meli ukiwa umejaa mafuta taa. Mafuta yakiisha mkebe ulibaki, na watu wetu hawatupi bati zima. Wakachotea maji, wakapimia nafaka, wakalikunjua wakazibia paa. Lakini moto uliosafiri ndani ya debe ulikuwa umeshaingia nyumbani, na haukutoka tena.

Historia ya moto wa nyumbani naiona hivyo: ni historia ya vitu vilivyotoka mbali, vikaingia ndani kwa msaada mkubwa, vikaja na hatari ambayo maelezo yake yalibaki njiani. Nikianza na debe, ni kwa sababu nataka nikufikishe mpaka nyuma ya friji ya shangazi yangu, Garsen.

Kwa asiyepajua, Garsen ni mji mdogo wa kaunti ya Tana River, kando ya mto, karibu na makutano ya Minjila. Barabara ya kutoka Malindi ikifika hapo inagawanyika, moja inaelekea Witu na Lamu, nyingine inapanda Hola na Garissa. Wapokomo wanalima ukingoni mwa mto, Waorma na Wawardei wanafuga, na mjini kuna kila mtu: wavuvi, wenye maduka, walimu, askari, watu wa bodaboda. Joto la huko halihitaji kuelezwa. Ukishuka basi saa saba mchana utalielewa mwenyewe.

Moto wa zamani wa nyumba zile ulikuwa na adabu zake, kwa sababu ulionekana. Mafiga matatu, kuni, moshi unaokuchoma macho. Ulijua umewashwa na nani na umezimwa saa ngapi. Usiku makaa yalifukiwa kwenye jivu, na upepo ukivuma hakuna aliyethubutu kuwasha karibu na makuti. Mtoto wa miaka mitano alikuwa ameshajifunza sheria hizi kwa kofi moja au kwa lengelenge moja.

Koroboi ilikuja ikaibadilisha hesabu. Unajua koroboi: kikopo, tambi ya kitambaa, mafuta taa, moto mtupu usio na kioo. Fundi wa jua kali anaitengeneza kwa dakika chache. Ikapigwa teke na mtoto, au paka akapita, mafuta yanamwagika na moto unayafuata. Ikaja taa ya chemli yenye kioo, ikaja na stovu ya tambi. Hapo mambo yakawa magumu zaidi, kwa sababu stovu ina tangi na tangi halionekani ndani. Tambi zikichakaa zikaacha nafasi, moto unaweza kushuka kule yaliko mafuta. Kwa mara ya kwanza hatari ilikuwa imejificha ndani ya chombo, na mpishi alitakiwa kuikisia kwa sauti na harufu.

Tatizo hili si letu peke yetu. Karne ya 19, Marekani na Ulaya, taa za mafuta zililipuka mikononi mwa watu kwa sababu ya biashara chafu: wauzaji walichanganya mafuta taa na nafta, kitu kinachokaribia petroli, kwa kuwa nafta ilikuwa ya bei rahisi. Kampuni ambayo Rockefeller na wenzake waliisajili mwaka 1870 iliitwa Standard Oil, na jina lile lilikuwa ahadi kwa mnunuzi kwamba mafuta ya mkebe huu na ya mkebe ule ni ya kiwango kimoja. Uingereza nayo, kwa sheria ya 1879, ikachukua kipimo cha mwanakemia Frederick Abel. Mafuta yanapashwa joto ndani ya kikombe kilichofunikwa, yanasogezewa mwali, na inaangaliwa ni nyuzi ngapi mvuke wake unapodaka moto. Mstari ulichorwa kwenye nyuzi 73 za Farenhaiti, yaani karibu 23 za Selsiasi. Chini ya hapo, mafuta ni hatari.

Sasa hebu simama hapo kidogo. Nyuzi 23, ndani ya nyumba ya London, ni joto la kufungulia dirisha. Garsen, mchana unapita 30 bila kuomba ruhusa. Yaani mafuta yaliyofaulu mtihani wa London kwa nyuzi moja tu yangekuwa tayari yanatoa mvuke wa kushika moto kabla hujawasha chochote kwenye delta ya Tana. Kiwango ni kitu kizuri, na kimeokoa watu wengi, ila kila kiwango kina hali ya hewa yake na nyumba yake akilini. Karne moja na nusu baadaye mafuta taa bado yana siasa. Mwaka 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuwakomesha wanaoyachanganya na dizeli. Wezi walikuwa mabarabarani na malori yao, na bili ikafika mpaka kwa mwenye koroboi.

Stima nayo ina hadithi ndefu Pwani. Sultan Barghash wa Unguja aliagiza jenereta kumulika jumba lake miaka ya 1870, na mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua mashine hiyo. Ndiyo chanzo cha kampuni ya kwanza ya umeme Mombasa. Kwa hiyo waya za stima zilikuwa Mombasa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mto Tana wenyewe ulifanywa mashine baadaye. Kindaruma ilianza kazi 1968. Ikafuata Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mabwawa matano, yote juu ya mto ule ule unaopita Garsen, na kwa miaka mingi yalibeba sehemu kubwa ya stima ya nchi nzima. Viwanda vya Nairobi viliwaka kwa maji ya Tana. Huku chini, ambako maji yale yanafika yakiwa yamechoka na kubeba udongo, vijiji vingi vya delta viliendelea kusoma kwa koroboi. Mto ulitoa mwanga ukapeleka kwingine. Ukiongea na wazee wa Garsen kuhusu stima, jambo hili wanalitaja kwa utulivu, kama mtu anayetaja deni ambalo ameshaacha kulidai.

Laini kubwa ya Rabai, Malindi, Garsen na Lamu ilikamilika katikati ya miaka ya 2010. Mwaka 2015 bei ya kuunganishiwa stima ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na mradi wa kufikisha waya kwa kila kaya ukaanza. Nguzo zikasimama karibu na nyumba za udongo na mabati. Na stima, msomaji wangu, haiji peke yake. Inakuja na balbu, chaja, redio, televisheni na, mwishowe, friji.

Ukiwa Nairobi friji ni kabati la mabaki ya pilau. Garsen friji ni duka. Barafu za kumi kumi, maji baridi, sharubati ya ukwaju, maziwa yasiyochacha kabla ya saa sita, samaki anayelala salama mpaka asubuhi ya soko. Ya shangazi ilinunuliwa na binamu zangu kwa kuchanga, mtumba, kutoka Mombasa. Ilipanda basi ikiwa imelazwa juu kama mgonjwa. Ikatolea watoto wawili karo. Kwa hiyo nikisema friji ilikuwa na hitilafu, usifikirie chombo cha kubadilisha tu. Fikiria mtu unayemtegemea amekuwa mgonjwa, na huenda ugonjwa wake ukachoma nyumba.

Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilipasua kingo za Tana. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ilifunikwa na maji sehemu za Gamba, familia zikahamia kambi za mahali pa juu. Delta inajua mafuriko: ya 1961 yanasimuliwa mpaka leo, ya 1997 na 2018 pia. Kilicho kipya ni kwamba safari hii maji yaliingia katika nyumba zenye soketi. Kwa shangazi yalifika magotini, na yalipotoka yaliacha mstari wa udongo kwenye friji, umenyooka kama umechorwa kwa rula.

Friji ilianikwa juani siku kadhaa. Ikachomekwa. Ikanguruma. Watu wakapiga makofi, na mimi ningekuwepo ningepiga pia.

Shida ni kwamba maji ya Tana hayakauki yakaisha. Yanakauka yakaacha udongo na chumvi, na vitu hivyo vinakaa pale waya zinapoungana, ndani ya kijisanduku kando ya kompresa kilicho na relei, kile kinachoisukuma kompresa ianze. Kiungo cha waya chenye kutu au kilicholegea kinauzuia umeme kupita vizuri, na umeme uliozuiwa unageuka joto. Kidogo leo, zaidi kesho. Ongeza na stima yenyewe inavyopotea na kurudi kwa kishindo. Mwaka ule nchi nzima ilizima tarehe 25 Agosti, tarehe 11 Novemba na tarehe 10 Desemba. Kila kompresa inapoamka kwa ghafla, kiungo kile kinapigwa tena.

Nilipofika Desemba kulikuwa na harufu jikoni. Plastiki nyingine za umeme zikipata joto kupita kiasi hutoa harufu inayofanana na ya samaki. Sasa niambie, katika nyumba ya Garsen inayohifadhi samaki, nani atashtushwa na harufu ya samaki nyuma ya friji? Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto. Moto huu ulikuwa umeanza kazi kabla ya moshi.

Kilichotuambia ukweli ni soketi. Upande mmoja ulikuwa umebadilika rangi, kahawia kama chai ya rangi, na plagi ilikuwa moto kwa mkono. Tulizima meni swichi kwanza, tukasubiri, ndipo tukachomoa. Kuvuta plagi inayoungua huku stima ipo ni kukaribisha cheche usoni. Fundi alipoifungua ile plagi, mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri, kazi ya mtu aliyekuwa na haraka siku fulani, mji fulani.

Hiyo fyuzi ina historia yake pia. Plagi yetu ya pini tatu za bapa ni urithi wa Uingereza, kiwango cha 1947, kilichobuniwa kwa ajili ya nyumba zilizokuwa zinajengwa upya baada ya vita. Waliitengeneza kwa uangalifu wa ajabu. Pini ya juu ni ndefu ili iingie kwanza na kufungua vifuniko vidogo vya matundu mawili ya chini, mtoto asiweze kuchomeka msumari. Ndani kuna fyuzi, kijiwaya kinachokufa ili nyumba isife. Nasi tumejifunza kuushinda uangalifu wote huo. Tunachukua chaja ya pini mbili ya kutoka Dubai, tunasukuma kijiti cha kiberiti au kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka, tunachomeka. Fyuzi ikikata tunaweka karatasi ya fedha. Najua kwa nini. Duka limefungwa, barafu inayeyuka, fyuzi haipo. Lakini karatasi ile haikati. Itabeba chochote, mpaka kitu kingine kikate badala yake, na kitu hicho kingine kwa kawaida ni waya ulioko ukutani.

Usiku wa tarehe 14 Juni 2017, London, moto ulianza katika jikoni la ghorofa ya 4 ya jengo la Grenfell lenye ghorofa 24. Watu 72 walikufa. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, iliyotoka 2019, ilisema chanzo kilikuwa hitilafu ya umeme katika friji kubwa yenye friza. Mtaalamu mmoja aliielekeza tume kwenye kiungo cha waya kilichobanwa vibaya karibu na kompresa. Kiungo tu, kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi. Friji haikuua watu 72. Kilichowaua ni vibao vya plastiki na alumini vilivyofunika jengo kwa nje, vilivyoupandisha moto ukutani, pamoja na miaka ya wapangaji kulalamika bila kusikilizwa. Ila bila cheche ile nyuma ya friji, usiku ule ungepita kama usiku mwingine.

Ninapoiweka Grenfell kando ya Garsen silinganishi ghorofa na nyumba ya makuti. Nalinganisha maswali mawili: cheche inaanzia wapi, na inakutana na nini? Garsen inakutana na makuti, magodoro, mitungi ya gesi, na nyumba zilizobanana. Pia inakutana na kumbukumbu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, wakati wa mapigano ya delta, nyumba zilichomwa moto na watu wengi waliuawa. Tangu wakati huo, mtu akisikia harufu ya moshi usiku hafikirii jikoni kwanza. Moto wa ajali katika mji kama huo unaweza kuzua maneno kabla jivu halijapoa.

Kuna tofauti nyingine. Baada ya Grenfell, serikali ya Uingereza iliwaomba wenye friji za modeli ile wajitokeze na kujiandikisha, na ingawa mwaka 2018 uchunguzi ulisema hakuna haja ya kuzirudisha kiwandani, angalau kulikuwa na nambari ya kupiga na orodha ya kuandikwa. Friji ya mtumba imeshatoka kwenye orodha zote. Imekuwa ya mtu wa kwanza, wa pili, dalali, kontena, duka la Mombasa, na kibandiko chenye nambari ya modeli kimesuguliwa. Tangazo la hatari likitoka leo, halina anwani ya Garsen. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupata habari, na haki ya fidia. Maneno mazuri mno. Sisi tulipompigia muuzaji, alisema mali iliyotoka dukani imetoka, halafu simu ikawa haipatikani.

Basi likabaki suala la nini kifanyike. Kuitengeneza ipasavyo, relei, kompresa na waya, kungekaribia bei ya kununua nyingine ya mtumba. Akatokea mnunuzi, shilingi 5,000 mkononi, anataka kuipeleka kijiji cha mbele. Aliambiwa ukweli wote. Akasema atajua cha kufanya. Shangazi alikaa na zile pesa mezani kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu 5,000 ni pesa, na muhula ulikuwa unafunguliwa Januari.

Akaniuliza, "Mwanangu, huyu ana watoto?"

Nikasema sijui, shangazi.

"Mimi najua. Anao."

Akarudisha pesa, akachukua kisu, akakata waya wa friji karibu kabisa na mgongo wake ili asije mtu akaichomeka tena. Nimesoma kurasa nyingi za historia ya viwango, kuanzia kikombe cha Abel mpaka nembo za ubora za siku hizi, na sijaona kiwango kilichosimamiwa kwa gharama kubwa zaidi kulingana na mfuko wa msimamizi.

Friji ile leo ni ghala. Ina unga, mchele, maharagwe, sukari. Panya hawaingii, unyevu hauingii. Mlango uling'olewa kamba ya sumaku na kufungiwa kamba ya kawaida ya nje, na watoto wakakatazwa kuichezea. Marekani walilazimika kutunga sheria mwaka 1956 kwamba mlango wa friji ufunguke kwa ndani, baada ya watoto wengi kujifungia katika friji zilizotupwa wakakosa hewa. Kwa hiyo debe la mafuta taa lilivyogeuka kipimo cha mahindi, friji imegeuka ghala la mahindi, na imekaa kando ya debe lenyewe.

Nayaandika haya kwa sababu wengi tunaosoma kurasa hizi tuko Nairobi, Mombasa, Kisumu, na sisi ndio tunaopeleka mashine nyumbani. Mshahara wa kwanza, friji ya mama. Bonasi, televisheni ya baba. Tunatuma picha kwenye grupu la familia, wanaandika asante na maua. Ni upendo wa kweli, sina ubishi nao. Ila shangazi zetu waliufahamu moto uliokuwa unaonekana. Sheria zake walifundishwa na mama zao. Huu wa nyuma ya friji hawakufundishwa na mtu, na sisi tulioununua mara nyingi hatujawahi kugeuza friji kuona mgongo wake.

Mambo yenyewe si mengi. Fyuzi ni ya bei ya chapati mbili tatu. Tuma na za akiba, za nambari ile ile iliyokuja na kifaa. Friji isichomekwe kwenye ekstensheni moja na pasi. Iachiwe nafasi ya kupumua ukutani. Soketi ikibadilika rangi, plagi ikiwa moto, breka ikianguka mara kwa mara, au harufu ya samaki ikibaki siku ambayo hakuna samaki, zima meni, ita fundi anayejua stima. Kifaa kilichoingia maji ya mafuriko kisichomekwe mpaka kifunguliwe na kusafishwa ndani, hata kikikauka mwezi mzima. Moto wa umeme haumwagiwi maji. Na kama kifaa hakifai, kikatwe waya kabla hakijapata mnunuzi.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilirudi, na Tana ikafurika tena kabla tope la kwanza halijaondoka kwenye kuta zote. Safari hii, watu wa mtaa wa shangazi walipoanza kubeba vitu kwenda mahali pa juu, walizima meni kwanza. Halafu wakabeba friji kabla ya makochi, wakiziinua juu ya vitanda na matofali, na mtoto mmoja akipita nyumba kwa nyumba kuuliza kama plagi zimechomolewa.